Neno "Hivi" na Lenzi ya Milimita 35

Katika kazi yangu ya kukusanya hadithi zinazosimuliwa usiku hapa Bukavu, neno lililonipa taabu kuliko yote si msamiati wa kale wa Mashi wala methali iliyosahaulika. Ni neno dogo "hivi", ambalo huku kwetu tunalitamka "ivi". Msimulizi anasema, "Ile nyungu ilikuwa kadogo ivi," watoto wanaangua kicheko, na mimi ninayenakili maneno kesho yake kutoka kwenye sauti niliyorekodi ninabaki na neno lisilo na kipimo. Kadogo kama kikombe? Kama ngumi? Kama kifuniko cha chupa? Jibu lilikuwa mikononi mwa msimulizi, na kinasa sauti hakina macho.

Darasani tumefundishwa kwamba maneno kama "hivi", "hapa", "yule" na "kule" hayabebi maana kamili peke yake. Yanaikopa kutoka mahali aliposimama msemaji na kwenye kitu anachokionyesha. Katika fasihi simulizi mkopo huo ni mkubwa. Katika hadithi moja niliyoipokea kwa mama mzee wa Kadutu, ambaye sote tunamwita Koko, mna kimya cha takriban sekunde nne katikati ya sentensi, kisha kicheko cha watu wote. Msimamizi wa kazi yangu aliandika pembeni mwa ukurasa: "Hapa kulitokea nini?" Ningeweza kujibu kwa maelezo, maana nilikuwapo. Lakini maelezo yangekuwa maneno yangu, si tendo la Koko. Ndipo nilipoamua kwamba kila hadithi nitakayoikusanya iwe na sauti, maandishi na picha.

Insha hii inaeleza jinsi nilivyochagua lenzi ya kupigia picha hizo. Linaonekana kuwa jambo la dukani tu, lakini lilinirudisha kwenye masomo yetu mara nyingi kuliko nilivyotarajia.

Tuanze na mwanga. Bukavu iko kama digrii mbili na nusu kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua letu huzama karibu na saa kumi na mbili jioni mwaka mzima. Koko hasimulii mchana. Mchana, asema, ni wa kazi. Huanza baada ya chakula, saa moja na nusu au saa mbili, na humaliza watoto wanapoanza kusinzia. Mji wetu hupata umeme kutoka mabwawa ya mto Ruzizi, lakini kila mkazi wa Kadutu anazijua jioni za delestaji. Basi mwanga ninaoutegemea ni taa moja ndogo ya sola iliyotundikwa msumarini, pengine mshumaa, na wekundu wa makala ndani ya mbabula.

Nina kamera ya Nikon D3300, modeli ya mwaka 2014, iliyonifikia ikiwa na lenzi ya zumu ya milimita 18 hadi 55. Flashi iko juu yake. Niliiwasha usiku mmoja kwa ruhusa ya Koko mwenyewe, tuone itakuwaje. Watoto wote waligeuka kunitazama. Koko alinyamaza, kisha akasema kwa upole, "Mutoto wangu, ile radi yako inanikata maneno." Flashi haikuwashwa tena katika nyumba ile.

Msomaji atauliza: kwa nini si simu? Simu nyingi za leo zina lenzi ya f/1.8 au hata chini ya hapo. Ni kweli, lakini sensa iliyo nyuma ya lenzi hiyo ni ndogo kama ukucha wa kidole cha mwisho, ilhali ya kamera yangu ina upana wa milimita 23.5 na kimo cha milimita 15.6. Mvua ni ileile, lakini beseni hukusanya maji mengi kuliko kikombe. Simu hujaribu kuziba pengo kwa kuunganisha picha kadhaa zilizopigwa mfululizo, na hilo humtaka mtu atulie. Msimulizi hatulii, akitulia, hadithi imekwisha. Tena simu yangu ndiyo inayorekodi sauti, na betri yake nailinda kama mboni ya jicho.

Lenzi niliyoihitaji ina majina mengi, na kila lugha imeshika upande wake. Waingereza huiita lenzi ya mbio, kwa kuwa ikipokea mwanga mwingi kamera inaweza kufungua na kufunga mlango wake haraka. Wafaransa, ambao kwa lugha yao tumesomea, huiita "objectif lumineux", yaani lenzi yenye nuru. Rafiki yangu mmoja anayepiga picha za harusi husema tu "lenzi ya usiku", na jina lake naliona bora kuliko yote mawili, kwa sababu linaanza na haja ya mtumiaji. Jina la Kiingereza laweza kumfanya mtu adhani lenzi inakimbia, na la Kifaransa laweza kumfanya adhani inatoa mwanga. Lenzi haitoi kitu. Inafungua tu tundu pana zaidi.

Upana wa tundu hilo huandikwa kwa namba inayowachanganya wengi, maana namba ikipungua tundu linapanuka. Siri ni kwamba namba hiyo ni kigawanyo. Lenzi ya milimita 50 yenye f/1.8 ina tundu la 50 kugawanya kwa 1.8, karibu milimita 28. Zumu yangu ikivutwa mpaka mwisho hufika f/5.6 tu: 55 kugawanya kwa 5.6, chini ya milimita 10. Na kwa kuwa mwanga hupita kulingana na eneo la tundu, si kipenyo chake, tofauti kati ya f/5.6 na f/1.8 ni karibu mara kumi.

Tuilete hesabu hiyo sebuleni kwa Koko. Zumu yangu ikiwa kwenye milimita 35 hufungua hadi karibu f/4.5. Kwa taa yake ya sola na ISO 3200, kamera ilidai 1/8 ya sekunde, muda ambao mkono wa msimulizi hugeuka moshi. Kwa f/1.8 mwanga huongezeka zaidi ya mara sita, na 1/8 huwa 1/50. Katika 1/50 mkono unaokimbia bado hufifia. Lakini mkono unaoonyesha, ule unaosimama nusu pumzi ili watu wauone, huo hushikwa. Kazi yangu ilihitaji hicho tu.

Lenzi za namna hii kwa kawaida hazivuti. Zina urefu mmoja wa fokasi, na anayetaka kitu kiwe kikubwa zaidi husogea kwa miguu yake. Na ile ya kati, isiyosogeza vitu mbali wala kuvileta karibu kupita kiasi, huitwa lenzi sanifu. Hapo ndipo mwanafunzi wa lugha anaposimamisha masikio.

Usanifu wa lenzi una historia yake. Leica, kamera ndogo iliyobuniwa na Oskar Barnack huko Ujerumani, ilipotoka sokoni mwaka 1925 ilikuwa na lenzi ya milimita 50. Henri Cartier-Bresson alifanya sehemu kubwa ya kazi zake kwa lenzi ya urefu huo, na wengi wakaendelea kufundisha kwamba 50 ndiyo jicho la binadamu. Lakini picha ya filamu hiyo ina milimita 24 kwa 36, na ukiipima pembe kwa pembe unapata karibu 43. Hata nyumbani kwake, basi, 50 ilikuwa sanifu kwa mapatano ya watu.

Sisi jambo hili tunalijua. Mwaka 1928 mkutano uliofanyika Mombasa ulichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya kukisimamia kwa ajili ya Tanganyika, Kenya, Uganda na Zanzibar. Kongo, iliyokuwa chini ya Wabelgiji, haikuwamo. Hatuukatai usanifu huo. Insha hii yenyewe imeandikwa kwa lugha hiyo. Ila tunajua kwamba kipimo kilichochaguliwa mahali pamoja, kikihamishwa bila maswali, huja kupima kitu kingine. Ndivyo ilivyo kwa 50. Filamu ya Leica ina upana wa mara moja na nusu ya sensa yangu, kwa hiyo lenzi ya milimita 50 ikifungwa kwenye kamera yangu huona eneo dogo, kama vile lenzi ya 75 inavyoona kwenye filamu. Hapa kwangu si sanifu tena. Ni lenzi ya nyuso. Sensa yangu ikipimwa pembe kwa pembe ina milimita 28, na lenzi inayoistahili ni ya 35 au chini kidogo.

Rafiki yangu wa harusi hakukubali. "Ndugu yangu, kamata 50," aliniambia. "Sura ya mutu inatokaka muzuri." Ana hoja. Lenzi za 50 zimetengenezwa kwa miaka mingi, na nyingi hufuata mpangilio wa vioo uliotokana na ule wa Paul Rudolph wa Zeiss wa mwaka 1896, ndiyo maana hupatikana kwa bei ndogo. Yeye hufanya kazi ukumbini, anasimama mbali na maharusi, na anachouza ni uso. Kwa kazi yake ningechagua kama yeye.

Kwa kazi yangu niliamua kuuliza nyumba badala ya kumuuliza mtu. Nilibandika utepe kwenye zumu ili isisogee, wiki moja kwenye 35, wiki iliyofuata kwenye 50, nikapiga jioni ambazo umeme ulikuwapo. Sebule ya Koko ina kama mita tatu kila upande. Watoto wanakaa mkekani mbele yake, mbabula iko karibu na mlango, na nafasi ninayopewa ni umbali wa mita mbili kutoka kiti chake. Kwa umbali huo lenzi ya 50 huona upana wa sentimita 94. Ya 35 huona sentimita 134. Kwenye 50 nilipata kichwa na kifua, tena vizuri sana, lakini Koko alipofungua mikono vidole vilitoka nje ya picha. Kwenye 35 mikono ilibaki ndani, pamoja na visogo vya watoto wawili watatu waliokuwa wakiitazama. Nyuma yangu kulikuwa na ukuta, kwa hiyo kurudi nyuma hakukuwezekana. Vidole ndivyo vilivyoamua.

Likabaki swali la f/1.4 au f/1.8. Lenzi ya f/1.4 huleta mwanga zaidi, lakini ni kama mara 1.65 tu, na bei yake hupanda kuliko hapo. Tena kuna jambo la kina. Tundu likiwa pana, sehemu ya picha iliyo kali huwa nyembamba. Kwa mita mbili, 50 ya f/1.4 kwenye kamera yangu ina kina cha karibu sentimita tisa. 35 ya f/1.8 ina karibu sentimita 23. Mkono unaoonyesha huwa mbele ya uso kwa urefu wa kigasha. Kwa sentimita tisa ningepata uso bila mkono au mkono bila uso. Kwa 23 naweza kupata mkono ulio mkali na uso unaotambulika nyuma yake. Mafundi wa picha hufundisha kulenga jicho. Mimi nalenga mkono.

Wenzangu wenye kamera za aina hii waangalie na mota. D3300 haina mota ya kulengea ndani yake. Lenzi za zamani za Nikon, kama 50 ya f/1.8D, hufungika na kupiga picha, lakini kulenga utafanya kwa mkono, jambo gumu penye mshumaa. Lazima lenzi iwe na mota yake yenyewe, ambayo Nikon huitia alama ya AF-S. Hivyo nilifikia AF-S DX 35 ya f/1.8G, iliyotolewa mwaka 2009. Ina uzito wa gramu 200, na hulenga kitu kilicho karibu hata sentimita 30, jambo lililonifaa baadaye nilipotaka kupiga picha za vidole peke yake.

Nilinunua iliyotumika, kwa mfanyabiashara wa hapa mjini. Tulianza kwenye dola 150 tukamalizia 110, fedha niliyoipata kwa kuwachapia wenzangu TFC zao. Kabla ya kulipa niliipitisha tochi ya simu upande mmoja na kutazama upande wa pili. Huku kwetu, kwenye ziwa na mvua za kuanzia Septemba hadi Mei, adui wa lenzi ni ukungu unaoota ndani ya vioo kama nyuzi za buibui. Vumbi kidogo halidhuru. Nyuzi hizo ni sababu ya kuondoka. Nilitazama vibao vya tundu vinafunguka bila mafuta, nikalenga ukuta, nikalenga mtu, nikasikiliza mota. Sasa inalala kwenye kopo la plastiki linalofunga vizuri, pamoja na vile vifuko vya kukausha unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu.

Usiku wa kwanza ulinifunza kwamba lenzi ni nusu ya kazi. Kamera ikiachiwa kupima mwanga yenyewe hutaka picha nzima iwe ya kijivu cha katikati. Taa ikiingia kwenye picha, inapunguza mwanga na uso wa Koko unazama gizani. Taa ikitoka, inaongeza mwanga na uso wake unapauka kama uliopakwa majivu. Rangi ya ngozi yake si kosa la kusahihishwa. Kwa hiyo hupima mwanga usoni pake kabla hadithi haijaanza, nikaweka namba kwa mkono, nisiziguse tena.

Mita mbili nazo zina adabu yake. Mwenye lenzi ndefu anaweza kusimama ng'ambo ya barabara na kuchukua sura ya mtu bila yeye kujua, na katika mji ambao kamera huamsha maswali, watu wana sababu ya kuogopa jambo hilo. Lenzi ya 35 hainiruhusu. Ili nipate mkono, lazima niketi mkekani na watoto, nisikie harufu ya maharage yaliyobaki, niitikie kibwagizo pamoja na wengine. Koko anajua niliko kila dakika. Siku ya kwanza aliniomba aone picha kabla sijaondoka. Aliiangalia, akacheka, akasema, "Kumbe mikono yangu imezeeka kuliko mimi." Kisha akaruhusu niendelee, kwa sharti kwamba wajukuu wapewe picha za karatasi. Wamepewa.

Na ile nyungu? Usiku mmoja, mbele ya watoto saba, vidole vya mikono yake miwili viligusana vikafanya duara la ukubwa wa chungwa. Nikaandika pembeni mwa nakala: chungwa. Wiki tatu baadaye alisimulia hadithi ileile, safari hii mbele ya mabinti zake wawili na jirani, watoto wakiwa wamelala. Maneno yalikuwa yaleyale, "kadogo ivi", hata mpando wa sauti haukubadilika. Lakini kwenye picha vidole havikugusana. Alishika hewa kama anayeshika chungu cha kupikia ugali wa watu wawili, akawatazama mabinti, nao wakacheka kicheko kingine kabisa. Kwa watoto nyungu ilikuwa mchezo. Kwa wanawake wale, wanaojua chakula cha watu wanane hupikwa katika chungu gani, ilikuwa njaa.

Kwa sauti peke yake ningeapa kwamba nimeisikia hadithi moja mara mbili. Nakala zangu zingefanana neno kwa neno, nami ningefuta moja ili kupunguza kurasa. Sasa zimebaki zote mbili, na kila penye "ivi" nimeweka namba ya picha. Msimamizi wangu ameomba tuijadili sura hiyo upya, kwa kuwa swali la "kadogo kiasi gani" limegeuka kuwa "kadogo kwa nani".

Lenzi hiyo sasa inazunguka idarani. Mwenzangu anayechunguza mashairi ya kanisani aliiazima akairudisha baada ya siku mbili: kwaya iko mbali, na kwake inafaa ya 50 au ndefu zaidi. Mwingine anayechunguza lugha ya wauza samaki wa asubuhi hana haja nayo kabisa, maana mwanga wa saa moja asubuhi ziwani unamtosha na zumu. Kwa atakayeihitaji, sharti langu ni moja: kabla hujaniuliza kama ni nzuri, chukua utepe wa kupimia, kapime umbali kati ya mahali utakapoketi na mikono unayotaka kuiona.